Je, ni kweli wagonjwa wa saratani ya damu wanachomwa virusi vya UKIMWI? Jibu la daktari wa magonjwa ya damu

*"Daktari, habari za kazi. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka 17. Mwaka juzi aligundulika kuwa na saratani ya damu, ile wanayoiandika ALL, ya seli B. Alitibiwa kwa dripu, akapata nafuu kubwa, nywele zikaota, akarudi shule. Mwezi uliopita, akiwa bado anameza vidonge vya kumalizia matibabu, vipimo vikaonyesha ugonjwa umerudi. Sasa kwenye kundi la familia unazunguka ujumbe wa sauti unaosema kwamba Marekani na India wanawachoma wagonjwa wa saratani ya damu virusi vya UKIMWI, na saratani yote inaisha kwa sindano moja. Mama yake anaogopa mtoto ataambukizwa na kuwaambukiza wadogo zake wawili. Baba yake anataka kuuza shamba. Dalali wa matibabu anataka milioni nane za kushika nafasi India. Mjomba anasema tuache dripu za hapa ili mwili upumzike kabla ya safari. Je, ni kweli? Na tufanye nini?"*

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Ugonjwa unaporudi baada ya mtoto kuvaa tena sare za shule huumiza kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa familia inaijua kila hatua inayokuja. Swali lako nimelisoma mara mbili, na naona ndani yake hofu moja na tumaini moja, vyote viwili vimezaliwa na ujumbe uleule wa sauti. Hofu ni kwamba kijana atatiwa virusi vya UKIMWI. Tumaini ni kwamba sindano moja itamaliza kila kitu. Hofu hiyo haina msingi. Tumaini lina msingi, ila limetiwa chumvi nyingi. Lakini kabla sijaeleza lolote, naomba neno moja lifike kwa mjomba leo hii: msiache dripu za hapa. Lukemia (saratani ya damu) ya aina hii ikiachwa bila dawa inaweza kujaza uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ndani ya wiki chache, na kijana atakayefika India akiwa katika hali hiyo huenda asipokelewe kwa matibabu mnayoyafuata.

Matibabu yanayozungumzwa yanaitwa CAR-T. Herufi T inatokana na seli T, aina ya seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuzikagua seli nyingine za mwili na kuziua zile zilizovamiwa na virusi au zilizoharibika. Seli B ni ndugu zake, nazo hutengeneza kingamwili, protini zinazonasa vijidudu. Katika ugonjwa wa kijana wenu, seli B changa zilizo kwenye uboho zimeharibika: zinazaana bila kukoma, hazikomai, na zinazibana seli nyingine mpaka damu inapungua, chembe sahani zinazogandisha damu zinashuka na kinga inadhoofika. Swali la kujiuliza ni kwa nini seli T zenye nguvu haziziui. Zinapishana nazo kila saa kwenye mishipa, lakini hazizitambui kuwa adui, kwa sababu seli ya lukemia ni seli ya mwili wenyewe iliyoasi, haina sura ya mgeni.

Hata hivyo, ina alama. Karibu kila seli B, iwe nzima au ya saratani, imebeba juu ya utando wake protini inayoitwa CD19, ambayo seli za moyo, ini na figo hazina. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanasayansi Zelig Eshhar wa Taasisi ya Weizmann nchini Israel alikuja na wazo la kuunganisha vitu viwili ambavyo kwa asili haviko pamoja: ncha ya kingamwili, yenye uwezo wa kunasa alama fulani, na mkia wa kipokezi cha seli T, unaotoa amri ya kuua. Michel Sadelain huko New York, Dario Campana aliyekuwa Memphis, na Carl June wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ni miongoni mwa waliokiboresha kipokezi hicho kwa kukiongezea sehemu inayoifanya seli T idumu na kuongezeka badala ya kuchoka mapema. Seli T iliyopewa kipokezi hicho, ambacho ndicho CAR, ikikutana na CD19 haipiti tena. Inaishika seli ile, inaitoboa, inaiua, kisha inazaa nyingine kama yenyewe na kuendelea na msako.

Hapa ndipo kirusi kinapoingia, na ndipo ujumbe ule wa sauti ulipopotosha. Ili seli T itengeneze kipokezi kipya, lazima ipewe jeni yake, na jeni hiyo ibandikwe ndani ya DNA ya seli ili kila kizazi cha seli kikirithi. Si kazi rahisi, kwa kuwa seli T haipokei kwa urahisi kinachotoka nje. Lakini kipo kirusi kimoja ambacho, kwa msiba wa mamilioni ya watu, kimebobea katika jambo hilohilo: kuingia kwenye seli T na kubandika jeni zake ndani ya DNA yake. Ndicho kirusi cha UKIMWI. Wanasayansi waliamua kuuchukua ujuzi wake na kuyaacha madhara yake.

Wachukulie virusi kama bahasha zenye barua ndani. Barua ya VVU ina jeni 9, na ujumbe wake kwa ufupi unaiamuru seli itengeneze bahasha nyingine kama hiyo na kuzisambaza. Maabara inachukua jeni 3 tu kati ya hizo 9, zile zinazohitajika kuiunda bahasha na kuibandika barua, tena inazitenganisha katika vipande mbalimbali vya DNA na kuzitia kwenye seli za kiwandani, ambazo ndizo zinazotengeneza bahasha. Jeni hizo hazitiwi ndani ya bahasha yenyewe, na nyingine zinazokifanya kirusi kiwe hatari hazitumiki kabisa. Hata ganda la nje ambalo VVU hulitumia kuishika seli limeondolewa, likawekwa la kirusi kingine kabisa, kile kinachowatoa ng'ombe na farasi malengelenge mdomoni. Ndani yake sasa kuna barua mpya, yenye maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha kunasa CD19. Ncha za barua hiyo pia zimepunguzwa kwa makusudi, ili ikishabandikwa isiweze kunakiliwa tena na kuwa kirusi. Kinachobaki ni bahasha inayoingia mara moja, inaacha barua, na habari yake inaishia hapo. Haizaani, na haimwambukizi mtu mwingine kwa damu, kwa jasho, kwa kula sahani moja wala kwa kulala kitanda kimoja.

Tena katika matibabu yaliyoidhinishwa mpaka sasa, bahasha hizo hazichomwi mwilini mwa mgonjwa hata kidogo. Mgonjwa anakaa kwenye kiti cha kuegemea kwa saa kadhaa, damu ikitoka kwenye mshipa mmoja na kupita kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi, seli nyeupe zikabaki kwenye mfuko na damu nyingine ikamrudia mwilini. Mfuko huo ndio unaopelekwa maabara. Huko seli T huamshwa kwa vishanga vidogo mno vilivyopakwa kingamwili, kisha ndipo bahasha zinapowekwa, na seli zilizopokea barua hulishwa na kukuzwa kwa siku kumi hivi mpaka zifike mamilioni mengi. Zinaoshwa, zinapimwa kuhakikisha hakuna kirusi chochote kinachoweza kuzaana, halafu zinagandishwa kwenye naitrojeni ya majimaji. Wakati huo mgonjwa hupewa siku chache za dawa mbili, fludarabine na cyclophosphamide, za kupunguza seli T zake za zamani ili zile mpya zipate nafasi. Siku yenyewe ya kurudishiwa seli huishangaza familia: mfuko ni mdogo, majimaji yake ni kama maji ya mchele, na yote yanaingia kwa dakika chache. Dawa ya kulinda seli zisiharibike kwenye baridi hutoka kwa njia ya pumzi, kwa hiyo chumba kizima hunuka kitu kama kitunguu saumu mpaka kesho yake. Naambia familia hili mapema, kwa sababu harufu ile imewatia wengi hofu bure.

Kwa mama yake kijana nina maelezo mawili zaidi. Kwa kuwa ncha za barua zimetokana na VVU, baadhi ya vipimo vinavyotafuta chembe za urithi za VVU vinaweza kusoma "chanya" kwa mtu aliyepata matibabu haya, hali ya kuwa hana maambukizi. Kipimo cha kawaida cha kingamwili, kile cha kutoboa kidole, hakina tatizo hilo. Ndiyo maana mgonjwa hupewa kadi ya kutembea nayo, na hupaswa kuieleza hospitali yoyote atakayoingia, hata miaka kumi baadaye. Pia hatakiwi kuchangia damu wala kiungo maisha yake yote. Na ikiwa umesikia habari za kirusi kuchomwa moja kwa moja kwenye mshipa ili kizifundishe seli T zikiwa humohumo mwilini, ni kweli majaribio ya kwanza kwa binadamu yameanza tangu mwaka 2024. Huo bado ni utafiti kwa watu wachache, na sivyo mtakavyouziwa.

Sasa kuhusu tumaini. Mtoto wa kwanza kutibiwa lukemia kwa njia hii ni Emily Whitehead, katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, Aprili 2012, akiwa na miaka 6. Ugonjwa ulikuwa umemrudia mara mbili na dawa zilikuwa zimeisha. Siku chache baada ya kupewa seli alipandwa na homa kali, shinikizo la damu likaanguka, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Vipimo vikaonyesha kwamba kemikali moja ya kinga iitwayo IL-6 imepanda kupita kiasi. Carl June aliijua dawa inayoizuia, tocilizumab, kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi wa utotoni. Wakampa Emily, na ndani ya saa chache akaanza kutulia. Wiki chache baadaye uboho wake ulikuwa safi, na zaidi ya miaka kumi imepita bila saratani kurudi. Tukio hilo lilimwokoa mtoto mmoja na pia likawafundisha madaktari namna ya kulidhibiti dhara kubwa kuliko yote ya tiba hii.

Lakini si kila mtoto ni Emily, na nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Katika utafiti uliofungua njia ya dawa ya kwanza, Kymriah, kuidhinishwa nchini Marekani Agosti 2017, waliandikishwa wagonjwa 92 watoto na vijana. Waliofika hatua ya kupewa seli ni 75. Wengine walifariki wakisubiri, au seli zao zilishindwa kutengenezeka, au walipata madhara yaliyowazuia. Kati ya hao 75, asilimia 81 walisafika, yaani lukemia haikuonekana tena, ndani ya miezi mitatu, na baada ya mwaka mmoja asilimia 76 walikuwa hai. Kwa wagonjwa ambao hawakuwa na njia nyingine, matokeo hayo ni makubwa sana. Hata hivyo, miongoni mwa waliosafika, takribani wanne katika kila kumi walikuwa wamerudiwa na ugonjwa au wamefariki ndani ya mwaka huo. Wakati mwingine seli zilizofundishwa hufa mapema. Wakati mwingine saratani huivua ile alama ya CD19, na askari wetu wakabaki wanatafuta kitu ambacho hakipo tena. Ndiyo sababu madaktari wengi hawaichukulii CAR-T kuwa mwisho wa safari kwa kila mgonjwa, bali kwa wengine huwa daraja la kuwafikisha kwenye upandikizaji wa uboho.

Madhara nayo nataka myajue kwa majina, kwa sababu ndiyo yanayoamua ni hospitali gani inaweza kufanya kazi hii. La kwanza ni lile lililomkuta Emily: seli T zikishambulia kwa wingi humwaga kemikali za kinga, na mwili huwaka homa, shinikizo hushuka, pumzi hubana. Katika utafiti ule asilimia 77 walilipata kwa kiwango fulani, na karibu nusu ya wagonjwa walihitaji ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. La pili linagusa ubongo, nalo huja polepole. Kila asubuhi muuguzi humpa mgonjwa karatasi na kalamu, akamwomba aandike sentensi moja, ileile ya jana. Nimeona karatasi za namna hiyo zikiwa zimepangwa kwa tarehe: siku ya nne mwandiko umenyooka, siku ya tano herufi zinapanda na kushuka, siku ya sita ni mikwaruzo tu, kisha baada ya dawa maneno yanaanza kurudi kwenye mstari. Mgonjwa mwenyewe wakati huo anaweza kuwa anatabasamu na kusema hajambo. Kwa wengi hali hii hupita kabisa, ila wachache hupata degedege au hupoteza fahamu, na ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kukaa karibu na hospitali kwa wiki kadhaa baada ya kupewa seli.

Madhara ya muda mrefu familia nyingi hazielezwi. Seli za CAR-T hazibagui seli B nzima na ya saratani, zinaziua zote. Zikiendelea kuishi, na kuna wagonjwa waliotibiwa Philadelphia mwaka 2010 ambao seli zao zilikutwa hai miaka kumi baadaye, mwili hukosa kingamwili za kutosha. Mgonjwa anaweza kuhitaji dripu za kingamwili kila mwezi, dawa ambayo ni ghali na haipatikani kila mkoa. Kwa mtu anayerudi kuishi kwenye malaria, kifua kikuu na maji ya kisima, jambo hili halipaswi kuonekana dogo, na lipangwe kabla ya safari. Homa ya ini B pia lazima ipimwe mapema, kwani inaweza kuamka.

Na je, kubandika jeni kwenye DNA hakuwezi kuleta saratani nyingine? Swali hili ni halali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto kadhaa wa Paris na London waliozaliwa bila kinga walitibiwa kwa kirusi cha aina nyingine, ambacho hakikutokana na VVU, na baadhi yao wakapata lukemia kwa sababu jeni ilijibandika jirani na jeni ya ukuaji na kuiwasha. Kupunguzwa kwa ncha za barua kunasaidia pia kuipunguza hatari hiyo. Mwezi Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza tahadhari iandikwe kwenye dawa zote za CAR-T baada ya kuripotiwa saratani 22 za seli T, katika nchi ambayo tayari ilikuwa imetoa zaidi ya dozi 27,000. Hatari ipo, inafuatiliwa, na ni ndogo sana ukiilinganisha na hatari ya lukemia iliyorudi. Mimi, kwa kijana kama wenu, hatari hiyo peke yake isingenizuia.

Ujumbe wa sauti umesema "saratani yote ya damu". Hapana. Tiba hii ya CD19 ni kwa lukemia na limfoma (saratani ya tezi) za seli B, na ipo nyingine yenye shabaha tofauti kwa myeloma, saratani ya seli za uboho zinazotengeneza kingamwili. Lukemia kali ya upande wa mieloidi, ambao si wa seli B wala seli T, haina bado tiba ya CAR-T iliyoidhinishwa, na lukemia sugu ya upande huohuo hudhibitiwa miaka mingi kwa vidonge kama imatinib. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958, inatibika kwa dripu za kawaida ikiwahiwa. Nalisema hili kwa ajili ya wengine waliomo kwenye kundi lenu la familia na ambao huenda wana wagonjwa wa aina hizo.

Tuje kwa India na shamba. Kymriah ilitangazwa kwa dola 475,000, bei ambayo sitaijadili. Lakini Oktoba 2023 India iliidhinisha CAR-T yake yenyewe, NexCAR19, iliyotengenezwa na wataalamu wa chuo cha teknolojia cha IIT Bombay pamoja na Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, kwa bei inayokaribia moja ya kumi ya ile ya Marekani. Nayo hutumia bahasha ya aina hiyohiyo niliyoieleza. Iliidhinishwa kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 15, kwa hiyo umri wa kijana wenu unaruhusu. Hata hivyo, moja ya kumi ya bei ile bado ni zaidi ya milioni 100 za Kitanzania, na hiyo ni bei ya seli. Haijajumlisha kitanda, vipimo, ICU ikihitajika, tocilizumab, nyumba ya kupanga kwa miezi miwili au mitatu, chakula cha mwuguzaji, wala dripu za kingamwili mkisharudi. Familia inayouza shamba ikalipia seli peke yake inaweza kukwama katikati, mgonjwa akiwa kwenye siku zake mbaya kuliko zote.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwa baba ni kwamba shamba lisiuzwe wiki hii. Kwanza yapatikane majibu matatu. La kwanza ni kipimo cha uboho kinachoonyesha kwamba seli za lukemia bado zina CD19, kwani bila hiyo hakuna tiba ya kwenda kuinunua. La pili ni hali ya mwili: moyo, ini, figo, maambukizi, na kama seli T zinatosha kuvunwa. La tatu ni barua ya hospitali yenyewe ya India, iliyoandikwa baada ya kusoma faili la kijana, ikikubali kumpokea na kutaja makadirio ya gharama zote. Barua hiyo huombwa na daktari wenu anayempa rufaa, na malipo hupelekwa kwenye akaunti ya hospitali kwa jina la mgonjwa. Dalali msimpe milioni nane. Katika tiba inayotegemea seli za mgonjwa mwenyewe, hakuna nafasi ya "kushikwa" kabla wataalamu hawajaona vipimo vyake.

Wakati majibu hayo yanasubiriwa, kijana aendelee na dawa. Ugonjwa uliorudi mgonjwa akiwa bado kwenye matibabu ni mkaidi, na dripu peke yake mara chache huumaliza moja kwa moja. Sitawaficha hilo. Lakini dripu hizo zikifanikiwa kuusukuma ugonjwa chini, milango miwili hufunguka. CAR-T hufanya kazi vizuri zaidi na kwa madhara machache ikikuta ugonjwa kidogo. Na upandikizaji wa uboho unakuwa rahisi kufikiriwa, nao ndio ulioponya watu katika hali hii kwa miaka mingi kabla ya CAR-T kuzaliwa. Wadogo zake wawili, ikiwa ni wa baba na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana naye kikamilifu kwa alama za kinga zinazohitajika ili kumpa uboho. Kwa watoto hao wawili ambao mama yao anaogopa wataambukizwa, pengine mmoja wao ndiye atakayempa uboho, kwa hiyo waombeni daktari awapime sasa. Ipo pia dawa iitwayo blinatumomab, inayozifunga seli T na seli zenye CD19 kama pingu bila kubadilisha jeni yoyote. Ni ghali, lakini iulizeni, kwa sababu wakati mwingine huusafisha ugonjwa kiasi cha kuruhusu upandikizaji.

Na kama majibu yatakuja vibaya, ama CD19 haipo, ama mwili hauwezi, ama fedha hazifiki hata mkiuza kila kitu, kubaki nyumbani na matibabu ya kutuliza, morfini ya kunywa maumivu yakija, damu na chembe sahani anapozihitaji, na watu wake wakiwa karibu, hakutakuwa kumtelekeza. Nimeona familia zikirudi kutoka mbali na deni na jeneza, na sitaki woga wa kuonekana hamkumpenda uwe ndio unaowapandisha ndege.

Kijana ana miaka 17. Hukuniambia kama yeye mwenyewe ameelezwa. Tafadhali aelezwe, na daktari wake awepo, kwa maneno ya kweli, halafu aulizwe anataka nini. Wagonjwa wa umri wake huyajua mengi kuliko tunavyodhani, na ujumbe ule wa sauti hapana shaka ameshausikia kwenye simu ya mwenzake.

Kliniki ijayo nendeni na jina kamili la ugonjwa kama lilivyoandikwa kwenye ripoti ya uboho, orodha ya dawa zote alizopewa na tarehe zake, na mwulizeni daktari: CD19 ipo? Kiasi gani cha lukemia kimebaki kwenye uboho? Amewahi kutibu mgonjwa aliyekwenda CAR-T, au anaweza kuzungumza na daktari aliyewahi? Kama anatumia dawa za steroidi, mwulizeni zisimamishwe lini kabla ya kuvuna seli, na msizisimamishe wenyewe. Safari ikidai cheti cha homa ya manjano, asichanjwe: chanjo ile ni kirusi hai na kwa mgonjwa wa lukemia ni hatari. Daktari ataandika barua ya kumwondolea sharti hilo.

Siku yoyote kati ya sasa na hapo, akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, akitokwa damu puani au kwenye fizi isiyokatika, akichanganyikiwa, akiumwa kichwa sana au akihema kwa shida, msisubiri kliniki wala asubuhi. Msimpe panadoli mkangoja joto lishuke. Mpelekeni hospitali inayomtibu usiku huohuo, na mkiwa njiani mpigieni simu muuguzi wa wodi yake ili antibayotiki iwe tayari mkifika.